Mdhamini

Mwezi wa saba mwaka jana, binti wa shangazi yangu alikuja stoo kwangu Majengo akiwa na bahasha ya kaki. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka, amefaulu vizuri, na dirisha la kuomba mkopo wa elimu ya juu lilikuwa wazi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Karibu, kaa hapo kwenye gunia."

Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu aliyoichapa steshenari. Alikuwa amejaza kila kitu isipokuwa sehemu moja, ile ya mdhamini: jina, picha, nakala ya kitambulisho, sahihi.

"Mama amesema uweke wewe," akaniambia. "Amesema wewe ndiye unayeyajua mambo ya chuo."

Nilimwomba aniachie fomu mpaka kesho. Nilimwambia sina picha ndogo za pasipoti. Ulikuwa uongo, kwa sababu kwenye droo nilikuwa nazo tatu. Ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilisoma chuo kikuu cha umma kwa mkopo, nilihitimu miaka mitano iliyopita, na mpaka siku ile nilikuwa sijarejesha hata shilingi moja. Leo naombwa niahidi kwa maandishi kwamba mtu mwingine atalipa.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi mwaka 2005. Mhitimu aliyeajiriwa hana ujanja. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiri anamkata 15% ya mshahara, wakati zamani ilikuwa 8%. Sisi tuliojiajiri hatuna mtu wa kutukata. Tunatakiwa tujipeleke wenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapotea.

Sababu yangu ilikuwa moja: sina ajira. Mwaka wa kwanza ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimerudi Mpanda na shahada ya uchumi na begi moja, nalala chumba cha wadogo zangu, natuma maombi ya kazi kila wiki. Mwaka wa pili nilianza kununua mahindi kidogo kidogo vijijini na kuwauzia wenye malori. Mwaka wa tatu nikapata stoo. Mwaka wa nne nikanunua guta la kubebea magunia. Maisha yalikuwa yanasogea, ila kisingizio kilibaki palepale. Mtu akiniuliza habari za mkopo, nilikuwa najibu kwa sauti ileile ya kijana asiye na kazi.

Usiku ule nilikaa na fomu mezani nikajiuliza swali ambalo kwa miaka minne nililikwepa. Lile deni ni la nani hasa? Nani alinikopesha?

Jibu rahisi ni Serikali. Lakini Serikali haina shamba. Wakati wangu posho ya chakula na malazi, ile tunayoiita bumu, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 ikapandishwa kuwa 10,000. Vibarua wanaonipakilia magunia hapa Majengo hawana uhakika wa kupata kiasi hicho kila siku ya Mungu. Na bado wao ni sehemu ya walionilipia. Kibarua akinunua mche wa sabuni, bati au muda wa maongezi, ndani ya bei kuna kodi ya ongezeko la thamani ya 18%. Kodi hiyo inaingia Hazina, na Hazina ndiyo inayopeleka fedha vyuoni na kwenye mikopo.

Kwa mkulima mambo ni magumu zaidi kidogo, na hili nilijifunza darasani bila kulifikiria kama habari ya watu ninaowajua. Mfanyabiashara mkubwa aliyesajiliwa anadai kurudishiwa kodi ya ongezeko la thamani aliyolipa kwenye manunuzi yake. Mkulima anayeuza mahindi ghafi hana pa kudai. Kodi iliyo ndani ya vitu anavyonunua inaishia mgongoni kwake. Shangazi yangu analima mpunga na mahindi Kakese na asubuhi anachoma vitumbua hapa mtaani. Hajawahi kupokea karatasi yoyote inayomwambia kwamba yeye ni mfadhili wa elimu ya juu. Lakini ni mfadhili.

Nenda Katumba, si mbali na hapa. Mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji walipewa pori pale. Wakalifyeka, wakalima, wakauza mazao, wakatozwa ushuru na kodi kama wakulima wengine, na wengi wao walipata hati za uraia wa Tanzania miaka zaidi ya arobaini baadaye. Maana yake kuna watu katika mkoa huu waliochangia kusomesha watoto wa nchi ambayo ilikuwa bado haijawaita watoto wake.

Kwa sensa ya mwaka 2022, Katavi ina watu 1,152,958. Wengi wetu hapa hatutaingia ukumbi wa mihadhara. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/2016 ulionyesha kuwa katika mkoa huu 45% ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Binti wa shangazi kufika kidato cha sita si jambo dogo. Nyuma yake kuna wenzake wengi aliokaa nao dawati moja darasa la tano, ambao leo wanabeba watoto na wanalipa kodi kwenye sabuni.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili kwa mfano ambao wengi tumeusikia. Kijiji kina njaa. Watu wanakusanya chakula chote kilichobaki wanampa mtu mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea chakula wenzake. Huyo mtu akishiba akaondoka asirudi, au akirudi mikono mitupu, tumwite nani? Mwalimu alimwita msaliti, na msomi, kwake, ndiye mtu yule aliyelishwa.

Mfano huu ni mzuri lakini una mapengo mawili. La kwanza, wanakijiji wa kwenye mfano walikaa wakakubaliana. Shangazi hakuulizwa na mtu. La pili, yule aliyelishwa alijua anakula chakula cha nani. Mimi nilipokuwa napanga foleni benki kusubiri bumu, nilijua ni haki yangu, na tena imechelewa.

Suala hili liliwahi kuwaka moto. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwapeleka wasomi Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima, ambako kwa muda mrefu wangepata 40% tu ya mshahara wao. Bango mojawapo lilisema ukoloni ulikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanapoishia. Lakini wanafunzi walikuwa na hoja nyingine: kwa nini sisi tubanwe wakati viongozi wananenepa? Kwa hoja hiyo Nyerere hakuwafukuza. Alikiri kwamba mishahara ya wakubwa, pamoja na wake, ilikuwa mikubwa mno, na akapunguza wa kwake kwa 20%. Kwa hiyo hata siku ile ya hasira, aliyedai deni alikubali kwamba na yeye anadaiwa.

Miaka ya 1980 likaja swali kwa lugha nyingine. Wachumi wa Benki ya Dunia, akiwemo George Psacharopoulos, walipiga hesabu ya faida ya kila ngazi ya elimu. Hitimisho lao kwa Afrika lilikuwa kwamba shilingi ya umma inazaa zaidi kwa jamii ikiwekwa shule ya msingi, na kwamba faida ya chuo kikuu kwa sehemu kubwa inaingia mfukoni mwa mhitimu. Basi mhitimu achangie. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ikaingia kwenye uchangiaji wa gharama. Mwaka 2000, jopo lililoitishwa na Benki ya Dunia pamoja na UNESCO likasema hesabu zile zilikuwa finyu, kwa sababu zilipima sana mishahara na kodi za wahitimu, zikaacha mambo ambayo taifa zima hufaidi kutoka chuoni. Na mwaka 2021 benki hiyohiyo iliidhinisha dola milioni 425 kuipa Tanzania mkopo wa kupanua vyuo vikuu vya umma. Mpango huo umefika mpaka kwetu, kwenye Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huko Mpimbwe, ambako vijana wanasomea mambo ya nyuki katika mkoa ambao watu wamerina asali tangu enzi za mababu.

Nikiwa mwanafunzi niliwaona wachumi wale wa miaka ya 1980 kuwa maadui. Siku hizi siwezi kuwasema sana, maana nikijitazama mwenyewe naona mfano wao ukitembea. Faida ya elimu yangu iliingia wapi? Niseme nilivyokuwa nanunua mahindi.

Gunia la kilo 100 ni kama debe sita. Mimi, kama wanunuzi wengi, nilikuwa nanunua gunia la debe saba. Mkulima anajaza, anashindilia, tunashona juu kwa kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Huo ndio mtindo wa lumbesa, ambao sheria ya vipimo inaukataza na kila mtu anaujua. Tofauti yangu na wanunuzi wengine ilikuwa kwamba mimi nilisoma. Nilijua mkulima anauza mwezi gani kwa sababu ya ada na mwezi gani kwa sababu ya msiba. Nilijua Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akianza kununua bei zitapanda, nikawahi wiki mbili kabla. Ushuru wa mazao, ambao tangu mwaka 2017 ni 2% kwa mazao ya chakula, kisheria ni mzigo wa mnunuzi. Mimi nilikuwa nautoa kimyakimya kwenye bei ninayompa mkulima. Haya yote nilifundishwa, kwa fedha zao. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Punda angalau hana shahada.

Kwa hiyo nani alipe? Kuna wanaosema anayefaidi alipe chote, na mkopo ndiyo njia ya haki. Wana hoja. Bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka wa fedha 2020/2021, na mwaka 2024/2025 ilifika bilioni 787. Fedha hiyo inatakiwa izunguke. Kila shilingi ambayo mimi sikuirudisha, aidha mwanafunzi fulani aliikosa, au mlipa kodi aliitoa mara ya pili. Nikisema "Serikali ina hela nyingi, yangu haitaonekana," ninayemkwepa ni binti aliyekaa juu ya gunia stoo kwangu.

Lakini nikipiga hesabu ya deni langu mpaka mwisho, nakuta mkopo si deni lote. Nadaiwa ada na posho. Sidaiwi mishahara ya wahadhiri waliolipwa na ruzuku, wala majengo, wala maktaba iliyojengwa kabla sijazaliwa. Na hata hicho ninachodaiwa kimepungua uzito. Mwaka 2021, kwenye Mei Mosi iliyofanyika Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya 6% kwa mwaka iliyokuwa ikiongezwa kwenye mikopo ili kulinda thamani yake. Bei za vitu zinapanda, deni limesimama. Nikimaliza kulipa kila senti, bado nitakuwa nimerudisha pungufu ya nilichopewa. Sehemu inayobaki ni zawadi, na zawadi hiyo ina wenyewe.

Hapo nikaanza kuona kitu ambacho kwangu ndicho kiini cha suala zima. Tuchukulie Serikali ingejitoa kabisa, kila mwanafunzi akalipa gharama kamili. Wako waliokwenda upande huo: vyuo vya England vilianza kutoza pauni 1,000 kwa mwaka mwaka 1998, na mwaka 2012 kiwango cha juu kikawa pauni 9,000. Jirani zetu Kenya mwaka 2023 walibadili mfumo wao, wakawagawa wanafunzi kwa hali za familia, huyu apate ufadhili zaidi na yule mkopo zaidi. Malalamiko yakawa mengi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo ule unakiuka Katiba. Ubishi huwa ni wa fedha: nani ana uwezo, nani hana. Lakini anayelipa chote mwenyewe anapata kitu kingine zaidi ya shahada. Anapata haki ya kusema, "Sidaiwi na mtu." Daktari wa namna hiyo ukimwambia aje Mpanda, atakuuliza kwa nini, na hutakuwa na jibu.

Fedha ya umma inayoingia chuo kikuu inajenga uchumi, sawa, kwa wahandisi na walimu na watafiti wa mbegu. Lakini pia inatufunga kamba sisi tuliosoma na wale wasiosoma. Ndiyo maana ni kosa kuipunguza mpaka kamba ikatike, na ni kosa vilevile kuitoa bila kumwambia mwanafunzi imetoka wapi. Nami sisemi kila msomi arudi kijijini. Niko kijijini miaka mitano na nimewaumiza watu kuliko wenzangu wengi waliobaki Dar es Salaam wanakatwa 15% yao kila mwezi. Deni hili mtu analilipa popote alipo, na kima chake cha chini kabisa ni kutotumia elimu kumnyonya aliyeilipia.

Kesho yake jioni nilikwenda kwa shangazi. Nilimkuta barazani analoweka mchele wa vitumbua vya asubuhi. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia kwamba siwezi kuweka sahihi kabla hajajua kuwa na mimi nadaiwa na sijalipa.

"Unadaiwa na nani?"

"Bodi ya Mikopo."

Akaendelea na mchele wake. "Mimi nilidhani wewe ulisomeshwa bure."

"Hapana, shangazi. Nilikopeshwa. Na fedha zenyewe zinatoka kwenye kodi. Hata kwako."

Nilijaribu kumweleza habari ya sabuni na bati. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dini isiyo yake. Kisha akaniambia, "Mimi ninachokumbuka ni yale magunia mawili ya mpunga tuliyouza ukapata nauli na godoro la kwenda nalo chuo. Hilo sikudai, baba. Nilitoa kwa moyo wangu." Akanyamaza kidogo. "Ila gunia la debe saba, mwanangu. Hata kwangu unanunua la debe saba."

Sikuwa na la kusema.

"Sikusema kitu," akaendelea, "kwa sababu nilidhani ndivyo mlivyofundishwa."

Nimewahi kufeli mtihani, nimewahi kukosa kazi, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Hakusema kwa kejeli. Aliamini kwamba kama msomi anapima hivyo, basi pengine ndiyo hesabu ya kisomi.

Dawa ya deni ni kulipa. Wiki ile niliomba kontroo namba nikalipa shilingi 100,000 kwa simu, nimekaa juu ya gunia. Ilichukua dakika mbili, jambo nililolikimbia miaka minne. Kulipa kunaendelea, siyo kila mwezi kwa wepesi. Nilinunua pia mzani, na sasa nanunua kwa kilo. Wanunuzi wenzangu wamenicheka, faida imeshuka, na baadhi ya wakulima mwanzoni waliushuku mzani kuliko walivyolishuku debe. Wana haki ya kushuku. Yale magunia ya miaka ya nyuma sijui nitayalipaje. Mengine hata sikumbuki niliyanunua kwa nani.

Binti alipokuja kuchukua fomu, nilikuwa nimebandika picha na kuweka sahihi. Aliitazama, akaikunja vizuri, akairudisha kwenye bahasha. Alipofika mlangoni akageuka.

"Kaka, na nikimaliza nikakosa kazi?"

Nilitaka kumwambia habari za kijiji chenye njaa, za mwaka 1966, za wachumi. Nikaona atachelewa, maana fomu ilikuwa bado inahitaji mhuri wa serikali ya mtaa na ofisi inafungwa mapema.

"Basi watanitafuta mimi," nikamwambia. "Ndiyo maana ya hiyo sahihi. Wahi, watafunga."